Jina Kwenye Ukingo wa Nishani

Chukua nishani ya babu, isimamishe wima kama sarafu unayotaka kuizungusha mezani, halafu tazama ukingo wake. Ule uso wenye kichwa cha mfalme uache kwanza. Huyo ni George wa Tano, na hakuwahi kujua kama babu yako yupo duniani. Habari zenyewe ziko ukingoni. Kama nishani ni ya Vita vya Kwanza vya Dunia utakuta herufi ndogo zilizogongwa kwenye chuma: namba, cheo, jina, na mwishoni kitu kama "3-K.A.R." au "K. Afr. Rif." Mstari huo mmoja, ambao mtoto akichezea nishani kwenye mchanga mwaka mzima anaweza kuufuta, kwa familia nyingi za Kenya ndio andiko pekee la serikali linaloonyesha kwamba mtu wao aliwahi kwenda vitani.

Nyumbani kitu chenyewe huitwa tu "medali ya Kwini", hata kama malkia unayemfikiria alikuwa bado hajazaliwa. Kiko kwenye kopo la Kimbo pamoja na vifungo, funguo za kufuli lililopotea na shilingi za zamani. Hakuna anayekumbuka ni cha vita gani. Babu alikuwa "Keya", basi. Keya ndiyo K.A.R. hiyohiyo, King's African Rifles, jeshi lililoundwa 1902 kwa ajili ya kulinda makoloni ya Waingereza upande huu wa Afrika, na mara nyingi zaidi kwa ajili ya kuwapiga wenyeji waliokataa kutawaliwa.

Vita vilipoanza Agosti 1914, Keya haikuwa kubwa: askari kama 2,300 hivi. Vilipokwisha walikuwa wamepita 30,000. Katikati yake kuna miaka minne ya kumkimbiza jenerali mmoja Mjerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, kuanzia Taita na Taveta, kuvuka Tanganyika yote, kuingia Msumbiji, hadi alipoweka silaha chini Abercorn, mji ambao leo unaitwa Mbala na uko Zambia. Siku hiyo ilikuwa tarehe 25 Novemba 1918. Ulaya walikuwa wamemaliza kupigana wiki mbili kabla.

Askari aliyemaliza vita hivyo alistahili nishani mbili. Ya kwanza ni ya fedha, nzito mkononi, utepe wake una rangi ya chungwa katikati na nyeupe, nyeusi na buluu pembeni. Ya pili ni ya shaba, ina mwanamke mwenye mabawa, na utepe wake ni rangi za upinde wa mvua. Mara nyingi ya pili ndiyo iliyobaki. Ile ya fedha ni kama aunsi moja ya fedha halisi, na shida haina adabu: zipo zilizouzwa kwa sonara zikayeyushwa na kuwa pete, na zipo zilizoishia kwa wakusanyaji wa ng'ambo. Huko ukingo wenye jina la Kiafrika hupandisha bei. Mtu asiyejua hata kuutamka mji wenu anajua cheo cha babu yako.

Sasa usome ukingo. Namba ya kikosi ndiyo ya kuanzia. 3 K.A.R. ni kikosi cha hapa kwetu, wakati huo nchi ikiitwa East Africa Protectorate. Nambari 4 ni Uganda. 1 na 2 ni Nyasaland, yaani Malawi. 7 ni Zanzibar. Ukikuta 6, kaa chini kwanza. Kikosi hicho kiliundwa upya 1917, na sehemu kubwa ya watu wake walikuwa askari wa Wajerumani waliotekwa na kubadilishwa sare. Yule mzee unayesikia "alipigania Waingereza" huenda alianza vita upande wa pili, akiwapiga risasi watu ambao baadaye alikula nao mezani. Mikosi iligawanyika kadiri jeshi lilivyopanuka, kwa hiyo ukiona "2/3" maana yake ni batalioni ya pili ya kikosi cha tatu. Usiifanyie hesabu.

Kutoka kwenye ukingo unaenda kwenye makaratasi. Rejista za waliopewa nishani za vita vile ziko Kew, London, katika Hifadhi ya Taifa ya Uingereza, kwenye fungu linaloitwa WO 329. Rejista haikupi hadithi. Inakupa namba, cheo, jina, alama ya kalamu kwamba nishani imetoka. Fungu jingine, WO 95, lina shajara za vita, ambamo kila kikosi kiliandika kila siku kilikuwa wapi na kimefanya nini. Ukijua kikosi unaweza kufuata njia ya babu kambi kwa kambi, mto kwa mto. Ila utaligundua jambo moja haraka sana. Ofisa Mzungu akiumwa homa, anatajwa kwa jina. Askari wakifa, inaandikwa idadi.

Wataalamu wa kutafuta koo kule Uingereza watakuambia kwa huzuni kwamba faili nyingi za wanajeshi wa vita vile ziliteketea London, Septemba 1940, kwa mabomu ya Wajerumani. Ni kweli, lakini huo moto si wetu. Faili za askari wa Keya hazikuwa kwenye hilo jengo. Zilibaki makoloni, na zilizopotea zilipotea kwa sababu zingine, zikiwemo zile za miaka ya kuelekea uhuru, wakati wakoloni walipokuwa wakichagua kipi kichomwe na kipi kipandishwe ndege. Sehemu ya zilizosafirishwa ilifichwa miaka mingi kwenye jengo la serikali huko Hanslope Park, na ilikubaliwa hadharani kwamba zipo mwaka 2011 tu, baada ya wazee wa Mau Mau kuishtaki serikali ya Uingereza.

Halafu kuna tatizo la jina lenyewe. Karani Mzungu au Mhindi aliandika alivyosikia. Mutua anaweza kuwa Matuwa, Kiprono akawa Kibrono, na jina la baba likageuzwa "bin" hata kwa mtu ambaye kwao hawajawahi kutumia bin. Wapo walioandikishwa kwa jina la utani. Wapo waliotoa jina la uongo kwa makusudi, manake walikuwa wametoroka kwa chifu au kwa baba. Isitoshe, Waingereza walikuwa na imani yao kwamba makabila fulani yalizaliwa kuwa askari, Wakamba na Wakalenjin mbele kabisa, na mengine hayafai. Kijana wa kabila "lisilofaa" aliyetaka mshahara alijifunza salamu za jirani na kujiandikisha kama wao. Kwa hiyo ukitafuta babu yako kwa jina la kwenye kitambulisho chako na usimpate, hujathibitisha kwamba hakuwepo. Waulize wazee kwanza alikuwa akiitwaje na wenzake. Bibi mmoja anayekumbuka wimbo wa matani waliomwimbia mumewe ana faida kuliko mwezi mzima wa intaneti.

Hayo yote ni ya askari. Na askari walikuwa wachache.

Bunduki haijitembezi, wala unga. Kusini mwa reli hakukuwa na barabara, ng'ombe na farasi waliuawa na mbung'o, kwa hiyo jeshi lilitembea kwa vichwa na mabega ya watu. Waingereza waliliita kundi hilo Carrier Corps, na watu wakalitamka Kariako. Ukishuka Kariokor leo kununua akala au kula nyama choma, umesimama kwenye jina la kambi yao. Na Kariakoo ya Dar es Salaam ni jina hilohilo, lililobaki baada ya Waingereza kuuteka mji 1916 na kuwapanga wapagazi pale. Ukihesabu pande zote walikotolewa, upande wa Waingereza peke yake ulitumia wapagazi wanaokaribia au kupita milioni moja. Takwimu rasmi zinakubali vifo zaidi ya 95,000, na wanahistoria wengi huona hesabu hiyo ni ya chini.

Wengi hawakuuawa na risasi. Waliuawa na tumbo. Walipewa unga wa mahindi usiokobolewa vizuri, bila muda wa kuupika wala kuni kavu, watu ambao baadhi yao kwao walizoea wimbi, mtama au ndizi. Kuhara damu kukawamaliza, kisha malaria, kisha nimonia kwenye mvua za Rufiji. Mwanzoni walijitokeza wenyewe, wakifuata mshahara. Habari ziliporudi vijijini, wakaacha kujitokeza. Mwaka 1917 serikali ikaendesha msako mkubwa, John Ainsworth akiusimamia, machifu wakipewa idadi ya kutimiza, na mshahara ukiwa umeshushwa hadi rupia 5 kwa mwezi. Kuna sehemu za Nyanza, Ukambani na Mlima Kenya ambako kizazi kizima cha wanaume kina pengo ambalo watu wa leo hawalijui chanzo chake.

Mpagazi alipewa kibati chenye namba. Kumbuka hilo kibati, manake miaka michache baadaye, mfumo uleule wa namba, alama za vidole na chuma cha kuvaa uliwarudia wanaume wote wa Kiafrika nchini ukiitwa kipande. Sheria yake ilipitishwa 1915, katikati ya vita, na ikaanza kutekelezwa vita vilipoisha. Serikali haikuwa imeshindwa kumtambua Mwafrika mmoja mmoja. Iliweza vizuri sana, ilipotaka kazi yake.

Ilipofika zamu ya kulipa, uwezo huo ukayeyuka. Kulikuwa na mishahara ya wapagazi waliokufa ambayo haikuchukuliwa na mtu, pesa nyingi. Oscar Watkins, ofisa aliyekuwa akiongoza Kariako, alibishana kwa miaka ili ziwafikie jamaa zao, au angalau zitumike kwa faida ya Waafrika. Hazina ya London ikazikalia. Ofisa mmoja wa Wizara ya Makoloni aliandika kwenye faili, kwa namna ya mtu anayesema ukweli kwa sababu anajua hakuna atakayeusoma, kwamba jambo hili lilikosa kuwa kashfa kwa kuwa tu walioumia zaidi walikuwa wapagazi, na nani anawajali wapagazi wa Kiafrika?

Kwa hiyo, kama babu wa babu yako alikuwa Kariako, ule ukurasa wa mwanzo wa makala hii hautakusaidia sana. Walio wengi hawakupewa nishani. Huna ukingo wa kusoma.

Una sanamu. Ziko Kenyatta Avenue, tatu, askari na mpagazi, zimesimama hapo tangu 1928 na watu huzitumia kama mahali pa kusubiriana. Chini yake kuna maneno kwa Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza, yaliyotungwa na Rudyard Kipling. Yanasema, kwa kifupi, kwamba ukipigania nchi yako, hata ukifa, wanao watalikumbuka jina lako. Yazunguke yale mawe yote, pande zote nne. Hakuna jina hata moja. Nimewahi kusikia watu wakilitetea jambo hili kwamba wapagazi walikuwa wengi mno kuandikwa. Lakini ukienda kwenye makaburi ya kijeshi Taveta, pale walipozikwa Wazungu wa Afrika Kusini waliouawa 1916, kila mtu ana jiwe lake. Wengi huwa si kisingizio penye nia.

Na kwenye barabara hiyohiyo, mwaka 1919, katika Theatre Royal, jengo ambalo vizazi vya baadaye walilijua kama sinema ya Cameo, kulifanyika bahati nasibu ya mashamba. Washindi walikuwa Wazungu waliotoka vitani. Sehemu ya ardhi iliyogawiwa ilikatwa kutoka kwa Wanandi, watu ambao vijana wao walikuwa Keya. Askari wa Kinubi, waliotoka Sudan na kuwa uti wa mgongo wa Keya tangu mwanzo, walikuwa wameruhusiwa kukaa msituni nje ya Nairobi, mahali walipopaita Kibra, badala ya pensheni. Eneo lilikuwa ekari 4,197. Hati hawakupewa. Wajukuu wao walipata hati ya pamoja ya ekari 288, mwaka 2017. Ukitaka kufuatilia utumishi wa askari bila kwenda London, panda mat ya Kibera. Hiyo nayo ni rejista.

Aprili 2021, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti na kuomba radhi. Ripoti ilikubali kwamba baada ya vita vya kwanza, kati ya watu 45,000 na 54,000, Waafrika, Wahindi na wengine, walikumbukwa kwa namna isiyo sawa na Wazungu, na kwamba wengine wasiopungua 116,000, labda hata 350,000, hawakutajwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wa hao wa mwisho ni wa Afrika Mashariki na Misri. Tangu hapo kazi ya kutafuta majina imeanza, ikiwemo kupekua makaratasi ya zamani ya Keya yaliyobaki Nairobi, ambayo watu walidhani yalikwisha, na maelfu ya majina yameanza kutoka. Kwa wapagazi kazi ni ngumu zaidi, ila si ya bure. Ripoti za madisii zilizoko Nyaraka za Kitaifa, lile jengo la zamani la Bank of India pale Moi Avenue, zina idadi ya watu waliochukuliwa kila lokesheni, na mara mojamoja, majina ya waliotoroka. Mtoro aliandikwa. Mtiifu aliyekufa hakuandikwa. Nimeliwaza hilo mara nyingi kuliko ninavyopenda.

Vita vya Pili vya Dunia vikaja na mambo yakageuka kichwa chini. Kama nishani ya kopo la Kimbo ni nyota ya shaba yenye ncha sita, usihangaike na ukingo. Uingereza iliamua kutoandika majina kwenye nishani za vita vile. Nyota iliyoandikwa Burma inasema mwenyewe alifika Burma, na ile ya Afrika huenda inasema alikuwa Abyssinia 1941. Haisemi yeye ni nani. Ukiokota nyota mbili barabarani huwezi kujua ipi ni ya jenerali na ipi ni ya mpishi. Hapa unatafuta karatasi: kitabu cha malipo, cheti cha kuachishwa jeshi, picha aliyopiga studio akiwa na kofia. Ikiwa begani kuna kichwa cha kifaru, ni Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, waliosukuma Wajapani kwenye Bonde la Kabaw mwaka 1944, mvua ikinyesha bila kukoma, hadi wakafika Mto Chindwin.

Lakini safari hii majina yako kwenye mawe. Nenda Ngong Road, kwenye makaburi ya vita, uingie, hakuna kiingilio. Askari wa Kiafrika wana mawe yao, na kuna ukuta wa kumbukumbu wa wasio na kaburi. Humo wamo wapiga mizinga wa Afrika Mashariki waliokuwa ndani ya meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo ikapigwa na nyambizi ya Wajapani karibu na Maldives tarehe 12 Februari 1944. Watu 1,297 walikufa, na ilizama kwa dakika chache tu. Kama kwenu kuna mtu "aliyeenda Burma akapotelea majini", ukuta huo ndio wa kwanza kusoma.

Waliorudi walikuta bonasi ya kuachishwa imepangwa kwa rangi, Mzungu akipata karibu mara tatu ya Mwafrika wa cheo kilekile. Waruhiu Itote alikuwa koplo wa Keya huko Burma. Alirudi akawa General China, akapeleka msituni alichojifunza, na Januari 1954 akakamatwa. Waliokuwa wakiwawinda wenzake mlimani ni pamoja na Keya, vijana wa Kiafrika wenye kofia kama aliyowahi kuvaa yeye.

Na hao walipewa nishani. Ni ya fedha, inaitwa Africa General Service Medal, ina kichwa cha Elizabeth, kwa hiyo hii kweli ni medali ya Kwini. Juu ya utepe wa manjano na nyeusi wenye mistari ya kijani kuna kibao chembamba chenye neno moja: Kenya. Nishani hii ikarudia desturi ya zamani. Geuza ukingo utaona namba, cheo, jina, K.A.R.

Ni nishani ambayo familia hazipendi kuitoa. Iko kabatini nyuma ya vyombo vya wageni, na ukimuuliza mzee ni ya wapi atasema "ya kazi". Pengine mwenyewe alikuwa na miaka 19 na alijiandikisha kwa sababu ya mshahara na viatu. Pengine alifanya mambo msituni ambayo hajamwambia hata mkewe. Kikosi kimeandikwa ukingoni, na tarehe za kikosi zinaweza kutafutwa, kwa hiyo ukitaka kujua alikuwa wapi mwezi fulani wa mwaka 1954, utajua. Wapo wajukuu walioigeuza wakasoma, wakairudisha nyuma ya vyombo. Wapo walioenda nayo sebuleni, wakakaa karibu na mzee, wakasubiri azime redio.